Dedilaini Kabla Haijawa Saa

Wengi wetu tunaotamka "dedilaini" kila siku, kazini, chuoni na kwenye magrupu ya WhatsApp, hatujawahi kuambiwa kwamba kitu hicho kiliwahi kushikika kwa mkono. Kilikuwa ubao mwembamba uliopigiliwa juu ya vigingi vifupi, ndani ya kambi ya wafungwa wa vita huko Andersonville, jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1864. Mfungwa aliyeugusa, askari wa zamu alikuwa na ruhusa ya kumpiga risasi bila kumuuliza lolote.

Nimeishi na neno hili karibu maisha yangu yote ya kazi. Kwanza nilikuwa mhariri msaidizi katika chumba cha habari Dar es Salaam, nikishughulikia kurasa za gazeti la Kiswahili. Sasa ni mkalimani wa Kiswahili, Georgia hukohuko. Katika kazi zote mbili nimeona watu wakiumizwa na neno hili, na nimeona watu wakisaidiwa nalo, na tofauti kati ya hao wa kwanza na hao wa pili nadhani naijua.

Chumba cha habari kwanza. Mtu wa nje akiingia saa nane mchana anaona watu wanakunywa chai na kubishana mpira. Akirudi saa kumi na mbili jioni hatawatambua. Kurasa za makala zimeshafungwa, za michezo zinafungwa, na ukurasa wa mbele wa toleo la mikoani unasubiri habari moja tu, ambayo kila Bunge linapokaa inatoka Dodoma, na Dodoma kikao hakijaisha. Mwandishi yuko kwenye simu anasoma habari kwa mdomo, huku mwingine anaiandika, huku msanifu kurasa ameshatenga nafasi ya maneno 400 asiyojua yatasema nini. Nje, magari yamewasha injini.

Aliyesimamia kurasa zamu ya usiku alikuwa mzee mmoja aliyeingia kwenye uchapaji akiwa kijana mdogo, enzi za herufi za risasi, wakati kila mstari wa habari ulikuwa kipande cha madini unachoweza kukitia mfukoni. Wote tulimwita Mzee, na yeye alituita wanangu, hata waliomzidi cheo. Ukutani nyuma ya kiti chake palikuwa na ubao mweusi wa chaki. Vyumba vingi vya habari vina ubao kama huo, ukurasa upande huu, saa upande ule. Wake ulikuwa na safu ya tatu. Juu ya safu hiyo aliandika: Nani anasubiri. Chini yake, mbele ya kila ukurasa, palikuwa na mtu. Ukurasa wa 1 mikoani, saa 2 usiku, dereva wa Mbeya. Ukurasa wa 16, saa 11 jioni, fundi wa mtambo. Ukurasa wa matangazo ya vifo, saa 9 alasiri, wafiwa wanaosafiri kesho.

Hilo la mwisho lilinishika tangu siku ya kwanza nilipolisoma. Tangazo la kifo lisipotoka kesho, keshokutwa halina kazi; watu wameshazika.

Nilipokuwa mgeni nilimwendea kumwomba dakika chache zaidi kwa ajili ya habari niliyoiona kubwa. Aliweka miwani juu ya kipaji cha uso. "Binti yangu," akasema, "saa hiyo siyo yangu. Mwenyewe ni dereva wa Mbeya. Nenda pale nje ukamwombe yeye." Nikaenda kweli. Dereva, mtu mpole, akanieleza barabara nzima akiwa amesimama na chupa ya chai: Morogoro, Mikumi, kupanda Kitonga nyuma ya malori yenye mizigo, Iringa, Makambako, zaidi ya kilomita 800, na njiani kila mji una mtu amesimama gizani akisubiri furushi lake. Akichelewa kuondoka, anakuta malori yametangulia mlimani, na pale hakuna wa kumpisha. Mbeya anaingia watu wameshapita kwenye meza za magazeti, na gazeti lililopitwa na asubuhi muuzaji analirudisha.

Niliporudi ndani sikuwa na ombi tena. Nilifupisha habari kwa aya tatu ikaingia. Na tangu siku ile, kwenye ukurasa wowote niliopewa, nilimwona mtu mwisho wa ile saa.

Ni Mzee huyohuyo aliyenieleza kwamba neno lina maana ya kiwandani. Kwenye mashine za zamani, zile ambazo herufi hupangwa juu ya meza bapa ya chuma kisha silinda ikapita na karatasi, meza ilikuwa na mstari. Herufi zilizokaa ndani ya mstari zinachapwa. Zilizozidi, silinda haizifikii, na msomaji hatazijua kamwe hata kama zimepangwa kwa ustadi namna gani. Wachapaji wa Marekani waliuita mstari ule kwa jina hilihili, kwa Kiingereza "dead line", yaani mstari mfu, na mwanzoni mwa karne ya 20 magazeti ya kule yakaanza kulitumia kwa saa ambayo baada yake habari haipokelewi. Ukilitazama hivyo, kifo kilichomo ndani ya neno si cha kutisha. Ni kama sisi watu wa pwani tunavyosema maji mafu, zile siku ambazo kujaa na kupwa kwa bahari kunakuwa kudogo. Hakuna aliyekufa. Kitu hakifiki tu pale ambapo kingefika.

Miaka ya baadaye nilifanya kazi chini ya mhariri mwingine, mahali ambapo sitapataja. Yeye aliamini watu hawaji kwa wakati mpaka watishwe. Kila mwandishi alimpa saa yake ya uongo: huyu saa 10, yule saa 11, mwingine "sasa hivi." Saa ya kweli aliijua peke yake. Mwezi wa kwanza tulikimbia. Mwezi wa pili waandishi walianza kulinganisha saa walizopewa, na walipogundua zinatofautiana, kila mmoja akajitengenezea hesabu yake: akisema saa 10 maana yake saa 12. Ukafika usiku ambao mtambo ulikuwa na hitilafu kweli, kurasa zikahitajika mapema kweli, na hakuna aliyemwamini. Gazeti lilitoka mikoani likiwa na tangazo letu wenyewe mahali pa habari kubwa ya siku. Lawama walibebeshwa waandishi. Mimi niliona, na bado naona, kwamba ilikuwa kazi ya aliyekuwa akihamisha vigingi gizani.

Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nasema jambo la kihistoria.

Nilihamia Georgia kwa sababu za kifamilia. Nikiwa huku ndipo niliposoma kwamba maana ya zamani zaidi ya neno, ile ya mstari wenyewe wa mauti, kwao ni kusini mwa jimbo hili hili, saa mbili na ushee kwa gari kutoka Atlanta, mbele ya Macon, kwenye nchi ya udongo mwekundu na mashamba ya pichi. Tukaenda siku moja, mimi, mume wangu na binti yetu.

Jina rasmi la kambi lilikuwa Camp Sumter. Jeshi la majimbo ya Kusini liliifungua Februari 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuwahifadhi askari wa Kaskazini waliotekwa. Ilikusudiwa wafungwa 10,000. Mipango ya kubadilishana mateka ilikuwa imevunjika, kwa sehemu kubwa kwa sababu Kusini ilikataa kuwahesabu askari weusi wa Kaskazini kuwa mateka sawa na wengine, kwa hiyo waliingia tu, hawakutoka. Agosti mwaka ule walikuwa zaidi ya 32,000 kwenye uwanja wa ekari 26 na nusu, baada ya kupanuliwa. Mabanda hayakuwepo. Kila mtu alijitafutia kivuli kwa blanketi na vijiti. Kijito kimoja kilipita katikati, na kijito hichohicho kilikuwa cha kunywa, cha kuoga na cha choo. Katika miezi 14 ya kambi, kati ya wafungwa wapatao 45,000 walikufa karibu 13,000, wengi kwa kuhara, kuhara damu na kiseyeye.

Ukuta ulikuwa wa magogo ya misonobari yaliyosimamishwa wima, marefu kuliko watu wawili, na juu yake vibanda vya askari wa zamu. Ndani ya ukuta, kiasi cha mita 6 hivi kabla ya kuufikia, ndipo palipopita ule ubao juu ya vigingi. Kati ya ubao na ukuta hapakuwa na kitu, ardhi tupu. Huo ndio ulioitwa mstari wa mauti.

Leo pale ni eneo la kumbukumbu la taifa, na uwanja ni majani mabichi. Serikali imeweka safu mbili za vigingi vyeupe kuonyesha ukuta ulipopita na mstari ulipopita. Kona moja na lango moja vimejengwa upya kwa magogo. Tulikuwa tumesimama tunasoma kibao cha maelezo pale binti yetu alipokimbia kumfuata kipepeo akapita kati ya kigingi na kigingi, akaendelea, akafika karibu na safu ya pili. Nilimwita kwa sauti niliyoshangaa mwenyewe kuisikia. Alirudi akauliza amefanya nini. Hakuwa amefanya kitu. Alipita tu mahali ambapo kwa macho yake hapakuwa na chochote.

Nikarudi kwenye kibao, na jioni ile nyumbani nikasoma zaidi, nikakuta jambo ambalo limebadilisha namna ninavyofanya kazi.

Mkuu wa gereza la ndani, Kapteni Henry Wirz, mzaliwa wa Uswisi, alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi huko Washington baada ya vita, akanyongwa tarehe 10 Novemba 1865. Haki ya kesi yenyewe inabishaniwa hadi leo, na mimi si mwanahistoria wa kuiamua. Lakini ndani ya hati ya mashtaka imo sehemu kuhusu mstari huu. Waendesha mashtaka hawakuishia kusema kwamba watu walipigwa risasi kwa kuuvuka. Walieleza mstari ulivyokuwa: kwamba mahali pengi ulikuwa wa kufikirika tu, na mahali pengine ulikuwa vipande vya ubao visivyo imara, vinavyohamahama, juu ya vigingi dhaifu.

Nilisoma sentensi ile mara kadhaa. Nilikuwa nimedhani, kama kila mtu anavyodhani, kwamba kwanza palikuwa na mstari halisi, wa mbao, na baadaye sana ndipo ukawa wa mfano, wa saa na tarehe. Kumbe hata pale Andersonville, mwaka wa kwanza, sehemu yake ilikuwa tayari ya kufikirika. Ubao ulioza au uling'olewa, na pengine haukuwahi kuwekwa. Amri ilibaki palepale. Waliokaa muda mrefu waliujua mstari kwa mazoea na hawakuukaribia. Aliyeletwa jana usiku, amechoka, ana kiu, akaona mahali pa wazi pasipo na watu, au akaona kwamba kijito kinapoingilia chini ya ukuta maji ni safi zaidi kuliko kule chini kwenye msongamano, aliinama kuchota. Kumbukumbu za wafungwa zimejaa habari za watu waliouawa wakichota maji sehemu ile.

Walioathirika zaidi na mstari usioonekana ni wageni. Wenyeji walikuwa na ramani kichwani.

Agosti 1864, baada ya mvua kubwa iliyobomoa sehemu ya ukuta, chemchemi ya maji safi ilipasuka upande wa magharibi, na ilipasukia palepale kati ya mstari na ukuta, kwenye ile ardhi iliyokatazwa. Maji yakaelekezwa kwa mfereji mpaka upande wa wafungwa. Wao waliiita chemchemi ya Mwenyezi Mungu, na bado inatiririka. Pamejengewa kijumba cha mawe. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Makaburi yako karibu, mawe meupe yamebanana kwa sababu maiti walilazwa bega kwa bega kwenye mahandaki. Karibu yote yana majina, na hilo si jambo la kawaida kwa mahali pa namna ile. Ni kazi ya mfungwa kijana, Dorence Atwater, aliyepewa ukarani wa kuandika vifo akawa ananakili orodha ya pili kwa siri. Vita vilipoisha alirudi na orodha yake majira ya kiangazi ya 1865, pamoja na muuguzi Clara Barton, makaburi yakawekewa alama. Yaliyobaki bila jina ni 460 hivi. Mwaka uliofuata gazeti la New York Tribune likaichapa orodha, na familia zilizokuwa zikisubiri bila kujua zikajua. Kwa mtu aliyewahi kupanga ukurasa wa matangazo ya vifo, habari hiyo haisomeki kwa haraka.

Sasa kazi yangu ya leo, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Clarkston ni mji mdogo nje ya Atlanta ambako Kiswahili unakisikia dukani, kanisani, msikitini na kituo cha basi. Wengi ni Wakongomani, na wengi wao waliishi miaka mingi Tanzania, kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa. Hao walifika wakiwa tayari wana hadhi ya ukimbizi. Lakini wapo wengine, waliofika wenyewe kwa njia ndefu, na hao wanatakiwa kuomba hifadhi wakiwa huku. Sheria ya uhamiaji iliyopitishwa mwaka 1996 inawataka wawe wamewasilisha ombi ndani ya mwaka 1 tangu waingie Marekani. Kuna visamehe, kama hali ya kule ulikotoka kubadilika sana au jambo zito kukuzuia, mfano ugonjwa mkubwa. Kusema "sikujua" peke yake kwa kawaida hakutoshi. Ukipitwa na mwaka, bado unaweza kuomba kinga nyingine ya kutorudishwa, lakini unatakiwa kuthibitisha hatari kwa kiwango cha juu zaidi, na kinga hiyo haikupi haki ya kumleta mume au mtoto uliyemwacha.

Hapo ndipo neno linaporudi kuwa karibu sana na lilikotoka. Na ni mstari ambao haukuchorwa popote. Mtu anafika, anatafuta pa kulala, anatafuta kazi, mtoto anaumwa, anaambiwa na jirani "tulia kwanza, mambo ya karatasi yatakuja." Wenyeji wana ramani kichwani. Yeye hana.

Niliitwa kutafsiri kwa mama mmoja kutoka Kivu. Nimebadilisha mambo madogo asitambulike, na ofisi ya wakili siitaji. Wakili, mwanamke kijana na mwenye moyo, alieleza haraka, nami nikafuata nyuma yake kama kazi inavyotaka, bila kuongeza wala kupunguza. Alipofika kwenye neno lenyewe, nikasema "siku ya mwisho ya kupeleka ombi lako ni tarehe fulani." Mama akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, kwa sauti ya chini, "Siku ya mwisho, ile Yesu atarudia?"

Alikuwa mtu wa kanisa. Maisha yake yote maneno hayo yalikuwa na maana moja, kiyama. Na baada ya mambo aliyoyapitia, aliyotoka kuyasimulia dakika chache kabla, kusikia mtu wa sheria akimtajia siku ya mwisho halikuwa jambo dogo.

Mkalimani hana ruhusa ya kuanza kufafanua kwa kichwa chake. Nilimgeukia wakili nikamwambia kwa Kiingereza kwamba maneno yale mteja ameyasikia kwa maana ya kidini, na nikamwomba aeleze upya. Alifanya jambo ambalo nilimshukuru nalo baadaye nje ya ofisi. Aliinuka, akatoa kalenda ukutani, kalenda ya karatasi ya benki yenye picha za milima, akaiweka mezani. Akamwuliza mama aliingia nchini lini. Akazungushia tarehe ile. Akafunua kurasa hadi mwezi uleule wa mwaka unaofuata, akachora mstari mwekundu wima kabla ya siku yenyewe. "Upande huu," akasema, nami nikatafsiri, "jaji analisikiliza ombi lako kwa sheria ya kwanza, ile nzuri. Upande wa pili, sheria ya kwanza inafungwa, na tunabaki na ile ngumu. Wewe leo uko hapa." Akaweka kidole.

Mama akaweka kidole chake kando ya kile cha wakili. Akahesabu miezi kwa sauti. Ilikuwa imebaki minne. Akauliza ni nani anayeipokea hiyo karatasi, anakaa wapi, na kama akiipeleka wiki hii huyo mtu atakasirika kwamba ni mapema. Nilimkumbuka Mzee na safu yake ya tatu. Swali la nani anasubiri huja lenyewe mtu akishauona mstari. Kabla ya hapo anaogopa tu.

Tangu siku hiyo maneno "siku ya mwisho" nayatumia kwa uangalifu sana mbele ya wateja wa Kongo. "Tarehe ya mwisho" ni afadhali, kwa sababu tarehe iko kwenye kalenda. Kenya wana "makataa", neno ninalolipenda: chama cha wafanyakazi kimetoa makataa ya siku 7. Lina ukali wa kukata ndani yake, na kila anayelisikia anajua kuna mtu aliyelitoa na kuna jambo litafuata. Tatizo ni kwamba Mkongomani wa Bukavu au Uvira huwa halijui, kwa hiyo kwake nasema kirefu: mpaka tarehe hii wanapokea, kuanzia kesho yake hawapokei. Inachukua pumzi zaidi. Wakili mmoja mwanaume aliwahi kulalamika kwamba neno lake moja la Kiingereza linatoka maneno manane ya Kiswahili. Nilimweleza sababu, naye tangu hapo huniachia nafasi.

Nimeanza pia kuwaambia watu wetu, kwenye mikutano ya jumuiya, jambo ambalo zamani ningeliona si kazi yangu. Ukipewa tarehe na ofisi yoyote, shule, mwenye nyumba, hospitali, mahakama, usiondoke hapo mpaka umejua mambo mawili: nani anaisubiri hiyo karatasi, na nini kinatokea siku inayofuata. Utakuta tarehe nyingine ni za mtu kujipangia meza yake tu, ukimpigia simu anakuongezea wiki bila shida. Watu wetu wanakesha na homa kwa ajili ya hizo. Na utakuta nyingine haziongezwi hata ulie machozi ya damu, na hizo ndizo mara nyingi zimeandikwa kwa herufi ndogo, ukurasa wa nne, chini. Nina hasira ya kweli na watu wanaoandika barua za namna hiyo. Anayechora mstari unaoweza kumharibia mtu maisha ana deni la kuuonyesha, kwa lugha ya anayeambiwa, na kwa ukubwa unaosomeka na mtu aliyechoka.

Ombi la yule mama liliingia mapema, na risiti ikatoka. Nilidhani tumemaliza, lakini wakili alimwita tena kumweleza mstari mwingine ambao hauna tarehe kabisa: akihama nyumba, anatakiwa kuijulisha mahakama anwani mpya ndani ya siku 5. Barua ya wito ikienda nyumba ya zamani na yeye asitokee, jaji anaweza kuamua arudishwe bila yeye kuwepo. Safari hii mama alikuja na mwanawe mkubwa, mvulana wa sekondari. Kalenda haikusaidia, kwa sababu hakuna anayejua atahama lini. Wakili akachukua karatasi nyeupe, akaniomba nimtajie herufi moja moja, akaandika kwa kalamu nene: UKIHAMA, SIKU 5, na chini yake namba ya simu ya ofisi. Akasema ibandikwe nyuma ya mlango wa kutokea, mahali ambapo mtu anayebeba magodoro hawezi kutoiona.

Mvulana aliisoma, akaikunja, akaikunjua tena. Akauliza kama katika hizo siku 5 Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Wakili akamjibu azihesabu zote.